Mchezo wa Kufunga Duka

Kila asubuhi, kabla soko la Kariakoo halijachangamka, Candida alitunga uzi kwenye sindano zote za baba yake. Alizichomeka kwenye mto mdogo wa pamba, za uzi mweupe upande huu, za uzi mweusi upande ule, za khaki katikati, kisha akauweka mto mkono wa kulia wa cherehani, mahali pale pale ulipokuwa jana na juzi. Akimaliza alikaa kwenye kigoda chake nyuma ya marobota ya vitambaa, akawa kama hayupo. Kuwa kama hayupo kulimfaa. Mteja akimsalimu, sauti yake ilitoka nusu, nusu nyingine ikabaki kooni.

Baba yake, fundi Theophil, alikuwa akishonea kwenye baraza ya duka la Bwana Ratilal, Mtaa wa Sikukuu, tangu Candida hajazaliwa. Alitoka Kibosho akiwa kijana, akaja Dar es Salaam na mkasi wa kuazima, na baraza ile ikamkaa kama koti lililopimwa vizuri. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. Kwanza lilipotea tundu la sindano, halafu alama za chaki, halafu nyuso za watu. Sasa aliutazama ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye maji yaliyooshewa mchele: kivuli kinapita, mkono unakuja, hiki cheupe, kile cheusi, basi. Mikono yake ilikuwa bado ya fundi. Alimpima mtu mabega kwa viganja, na mshono mrefu aliunyoosha kwa kuusikiliza mlio wa cherehani tu. Kukata na kupinda alifanya Candida, ameinama nyuma ya marobota, mteja akishageuka. Hawakuwahi kukubaliana kulificha jambo hilo. Walijikuta tu wanalificha, na kila mmoja alidhani anamlinda mwenzake.

Jioni, cherehani ikishafunikwa, ilitolewa sataranji.

Bwana Ratilal ndiye aliyemfundisha Theophil mchezo ule, na Theophil akaufundisha mtaa mzima. Kete zilikuwa na majina ya kueleweka: mfalme na waziri wake katikati, ngamia wawili, farasi wawili, tembo wawili wa pembeni, na askari wanane wamejipanga mbele. Walicheza wachuuzi wa nazi, walicheza wapagazi, na aliyecheza kuliko wote, ingawa hakuwa hodari kuliko wote, alikuwa Mwinshehe muuza kahawa. Huyo aliweka dele lake chini, akakaa mkao wa kula, na kila kete aliyoisogeza aliigonga ubaoni na kuitangazia mtaa.

"Ngamia huyo, Mangi! Katoka ubavuni kwa waziri, kaja mpaka mlangoni kwako, anaomba maji!"

"Mwache aje, Mzaramo. Maji yapo, na kisu kipo."

"Kisu gani? Cha kumenyea ndizi?"

"Hicho hicho. Ngamia wako mlaini, hahitaji kikubwa."

Watazamaji nao hawakunyamaza. Huyu alisema tembo kaonekana, yule alisema mfalme ajikunyate. Theophil alisikiliza huku ncha za vidole vyake zikizipitia kete moja moja, kama mtu anayesali rozari, kisha akacheza. Mara nyingi alishinda.

Naye alikuwa na namna yake ya kuanza, na mtaa uliijua. Hakutuma askari mbele kupigana. Aliwasogeza hatua moja moja, mmoja huku, mmoja kule, mpaka wakawa ukuta mmoja, na nyuma yake akawapanga farasi karibu karibu, na ngamia wawili wakachungulia pembeni. Watu waliuita mwanzo ule kufunga duka, kwa sababu ulifanana na wenye maduka wanavyofunga jioni, wanapachika ubao mmoja baada ya mwingine mpaka pasibaki upenyo. Wageni waliucheka, wakasema ni mchezo wa mwoga. Candida peke yake, kwenye kigoda chake, alijua kwa nini baba yake aliupenda. Ukuta ule haukubadilika. Kete zake zilikaa pale pale alipoziweka, naye hakuhitaji macho kuzikumbuka.

*

Baba mkubwa Onesphory alifika Alhamisi kwa basi la Moshi, na mkungu wa ndizi kichwani, na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, baba mkubwa," Candida alisema.

"Marahaba, mwanangu. Baba yako yuko wapi?"

Baba yake alikuwa mbele yake, hatua chache tu, anapiga pasi suruali. Aliinua uso, akatabasamu kuelekea nguzo ya baraza.

"Kaka! Karibu sana. Shikamoo."

Onesphory alimtazama mdogo wake akiisalimu nguzo. Kisha alitua mkungu chini, akasogea akasimama pale tabasamu lilipokuwa likielekea, akasema kwa upole, "Marahaba, Theophil."

Habari aliyoileta aliitoa usiku huo huo wakila, maana hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Kuna mtu wa Kibosho alikuja mjini, akamwona Theophil anavuka barabara ya Msimbazi mbele ya lori, dereva akashika breki huku anatukana. Habari ilifika kijijini. Mama yao, ambaye sasa hatoki nje bila kushikwa mkono, alimwambia Onesphory: nenda kaniletee mtoto wangu.

"Nyumba ipo," Onesphory alisema. "Migomba ipo. Utakaa, utaletewa chakula, hakuna lori la kukugonga. Candida naye atakuwa kwao."

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae. Mtu asiyeona anakaa."

"Nani kakwambia sioni?"

Candida aliinamia sahani yake.

"Kaka," Theophil alisema, "mimi nashona. Jumapili nacheza sataranji kule Mchafukoge, kwenye klabu ya makarani. Mashindano ya mitaa. Mtaa wa Sikukuu umenichagua mimi. Umewahi kusikia kipofu anayecheza sataranji?"

Onesphory hakuijua sataranji, lakini alimjua mdogo wake. Alitafuna polepole, akameza.

"Sawa. Nitakuja nitazame. Ukicheza kama mtu anayeona, Jumatatu naondoka peke yangu na mama nitamjibu mimi. Ukibabaika mbele ya watu, Theophil, tunafunga mizigo pamoja, na hutabishana na mimi."

"Sitabishana."

Wakapeana mikono juu ya sufuria. Candida aliona vidole vya baba yake vikiutafuta mkono wa kaka yake kidogo, kidogo sana, kabla ya kuupata.

*

Jumapili, baada ya kanisa, walikwenda Mchafukoge kwa miguu. Theophil alivaa koti lake jeusi. Candida alitembea ubavuni kwake akiwa amebeba kofia yake, na kila walipofika kwenye mtaro alikohoa, kama kawaida yao. Nyuma yao walikuja watu wa baraza, na Mwinshehe mbele yao, anagonga vikombe vyake vya kahawa kana kwamba anasindikiza harusi.

Ukumbi wa klabu ulikuwa na meza moja katikati, viti viwili, na mabenchi ukutani. Mpinzani alikuwa ameshafika. Aliitwa Pius, karani wa bandarini, mtu wa Masasi, kijana mrefu aliyejifunza mchezo ule shuleni kwa mapadri. Alisimama Theophil alipokaribia.

"Shikamoo, Mzee Theophil. Nimesikia sana habari za duka lako lisilofunguka."

"Marahaba. Leo umekuja kununua nini?"

"Chochote kilichobaki," Pius alisema, na watu wakacheka, Theophil naye akacheka. Candida alivuta pumzi. Alimpenda kijana yule kidogo, na hilo lilimtia hofu zaidi.

Ndipo aliposimama Bwana Benjamini, katibu wa klabu, msimamizi wa mashindano, akasoma masharti. Kete ikiguswa ichezwe. Watazamaji wasiseme neno, wala kukohoa kwa makusudi, wala kuonyesha kidole. Atakayepiga kelele atatoka nje.

"Na kahawa?" Mwinshehe aliuliza.

"Kahawa nje."

"Na kupumua?"

"Kwa kiasi," alisema Bwana Benjamini, wala hakutabasamu.

Candida alikaa benchi la mbele, karibu na Baba mkubwa Onesphory. Kete ikiguswa ichezwe: baba yake hataweza kuzipitia kwa vidole. Watu wasiseme: basi nani atamwambia baba yake kilichoingia mlangoni? Alimtazama. Theophil alikuwa ameweka mikono yote miwili mapajani, kama mtoto aliyeambiwa asiguse vyombo vya wageni.

Pius alipata kete nyeupe, akaanza. Kwa desturi ya wale waliojifunza shuleni, aliinua askari wake kwa ncha za vidole na kumtua taratibu kabisa, hatua mbili mbele ya mfalme. Hakugonga. Hakusema. Hata kiti chake hakikulia.

Theophil alisubiri kidogo. Candida alijua anasubiri sauti, na sauti haikuja. Hatimaye aliona kivuli cha mkono kimerudi, akanyoosha wake, akasogeza askari hatua moja. Ubao wa kwanza wa duka.

Pius akacheza. Theophil akapachika ubao wa pili. Pius akacheza. Ubao wa tatu.

Hapo mwanzo mambo yalikwenda vizuri kuliko Candida alivyothubutu kuomba. Kufunga duka hakudai kuona mbali. Theophil alisogeza askari huyu, akamtoa ngamia huyu akamweka pembeni, akamrusha farasi akamkalisha nyuma ya ukuta, na mkono wake haukusita, maana alikuwa amefanya vile mara nyingi kuliko alivyowahi kufunga vifungo vya shati lake. Pius alizikusanya kete zake katikati, nzuri, zimejaa, kama watu wanaosubiri foleni mlangoni. Onesphory alimwinamia Candida.

"Anacheza vizuri?" alinong'ona.

Candida alitikisa kichwa kukubali.

"Mbona haendi popote?"

Candida alirudisha macho ubaoni.

Lakini duka likishafungwa, lazima mtu abishe hodi. Pius alitulia, akafikiri, kisha akasogeza askari mmoja wa katikati hatua moja mbele. Walikuwa wawili pale, wamesimama bega kwa bega, na mkono wake mrefu ulifunika wote wawili. Candida aliona ni yupi. Alimtazama baba yake, akaona amegeuza kichwa kidogo, sikio mbele, anatafuta kwenye ule ukimya kitu ambacho barazani kingepigiwa kelele na watu kumi.

Theophil alisubiri. Alisubiri mpaka Bwana Benjamini akatazama saa ya ukutani. Kisha alimkamata farasi wake, akamrusha nje ya ukuta, akamtua katikati ya ubao, na kwa mkono wa pili akafuata kumwondoa askari aliyemla.

Hakukuwa na askari. Ilikuwa nyumba tupu. Alikuwa amesogea yule wa jirani yake.

Vidole vya Theophil vilifumbata hewa. Vikafunguka, vikatafuta upande wa kushoto, vikatafuta upande wa kulia, chini chini, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka sakafuni. Mtu mmoja nyuma alicheka, akaacha ghafla. Mkono ulisimama pale pale juu ya ubao, haujui urudi au uendelee, na ukumbi mzima ukautazama.

Onesphory aliinama, akashika kichwa. Hakufurahi. Candida aliliona hilo hata katika hofu yake: baba mkubwa alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi asiyoitaka.

Farasi wa Pius alikuwa mruko mmoja tu kutoka kwa yule wa Theophil, na kumla ilikuwa ni kunyoosha mkono tu. Pius hakuunyoosha. Alikuwa ameacha kuutazama ubao, akimtazama mzee usoni.

Candida alifikiri haraka, yeye ambaye daima alifikiri polepole. Akinyamaza, baba yake atapapasa hivyo hivyo mpaka mwisho, mbele za watu, kete baada ya kete. Akisema, atakuwa yeye, binti yake mwenyewe, ndiye aliyekitangazia chumba kizima kile ambacho wamekilinda miaka yote. Hakuna njia ya tatu. Aliona vidole vya baba yake bado vimening'inia hewani, akasimama.

"Kaka Pius," alisema. Nusu ya sauti ilitoka. Akaivuta na ile nusu nyingine. "Tafadhali, ukicheza useme. Sema umecheza nini, kwa sauti. Sisi kwetu tunacheza hivyo."

"Binti!" Bwana Benjamini alinyanyuka. "Hapa si sokoni. Kaa chini au utoke."

"Nitatoka," Candida alisema. "Lakini aseme."

Theophil alirudisha mkono wake mapajani taratibu. Hakugeuka nyuma. Shingo yake ilikuwa imekakamaa, na Candida hakuweza kujua ni hasira au nini.

"Bwana msimamizi," Pius alisema, "masharti yanawakataza watazamaji. Yanamkataza mchezaji?"

Bwana Benjamini alikitazama kikaratasi chake, akakigeuza upande wa pili, ambao haukuwa na kitu.

"Hayamkatazi."

"Basi." Pius alisogeza kiti mbele, na safari hii kiti kililia. "Mzee Theophil. Askari wangu wa mbele ya mfalme yuko pale pale. Aliyesogea ni yule wa mbele ya waziri. Farasi wako amekaa ubavuni mwa huyo aliyesogea, ndani ya mruko wa farasi wangu, hana mlinzi." Akamshika farasi wake. "Namla. Nakuambia kwa heshima."

Candida aliketi, na hakuna aliyemtoa nje. Kitu kikalegea shingoni mwa Theophil.

"Mle, mwanangu. Nimekuletea mwenyewe mpaka mezani. Usisahau chumvi."

Mwinshehe akapasuka kicheko pale mlangoni, na Bwana Benjamini alipomkazia macho alisema, "Nimepumua tu, bwana mkubwa. Kwa kiasi."

Tangu hapo mchezo ukawa mchezo. Pius alitangaza kila alichofanya, kwanza kwa aibu, kama mtu anayesoma kanisani kwa mara ya kwanza, halafu akaanza kunogewa. Alisema tembo wake anazunguka nyuma kutafuta dirisha. Theophil akamjibu madirisha yote yana nondo. Alisema ngamia wake kapiga magoti mbele ya mlango. Theophil akasema mgeni asiyeondoka hupewa jembe, akamfukuza kwa askari wa pembeni. Watazamaji walikaza midomo mpaka mashavu yakawauma. Na duka, ingawa limepungukiwa na farasi mmoja, halikufunguka haraka. Pius alitoa leso akafuta paji la uso. Kuna wakati waziri wake alinaswa kati ya ngamia wawili wa Theophil, akaponea chupuchupu, na karani akasema kwa sauti, "Mungu wangu," ambayo haikuwa kete yoyote.

Lakini farasi ni farasi. Jua lilipokuwa limehamia dirisha la pili, Pius alisema, "Tembo wangu ameshuka mpaka mstari wa mwisho, Mzee. Shaha. Naona kama mfalme hana pa kwenda."

Theophil alizipitia nyumba zote kichwani mwake. Watu walimwona akifanya hivyo, midomo yake ikicheza.

"Hana," alikubali. Akamlaza mfalme wake ubavu, akanyoosha mkono mbele, na Pius akaudaka kabla haujaanza kutafuta.

*

Walirudi Kariakoo kimya kimya. Candida alibaki nyuma kidogo, na kwenye mtaro hakuthubutu kukohoa. Ni Theophil aliyesimama mwenyewe kabla ya mtaro, akasema, "Candida. Leo hukohoi?"

Akakohoa. Baba yake akavuka.

Walipofika barazani Onesphory alikaa kwenye ngazi, akavua kofia.

"Tulikubaliana," alisema.

"Tulikubaliana, kaka. Sibishani."

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Sikumwambia mtu yeyote. Hapa mtaani hakuna anayejua. Hakuna aliyejua, mpaka leo."

Mwinshehe, ambaye alikuwa akimimina kahawa bila kuombwa, alisimamisha dele hewani.

"Hakuna anayejua nini?"

"Macho yangu, Mzaramo."

"Lahaula." Mwinshehe aliwatazama wenzake wa baraza, nao wakatazama miguu yao. "Mangi, mimi mtu wa kelele mimi? Muulize mke wangu. Nyumbani siku nzima nasema maneno matatu. Unadhani hapa napiga mayowe ngamia huyo, tembo huyo, kwa sababu napenda koo liniume?"

Theophil aligeuka kuelekea sauti ile.

"Mlianza lini?"

"Mwaka ule ulipomla tembo wako mwenyewe, ukamsifu kwa unene wake. Tukatazamana. Tukaona basi, tutakuwa tunasema."

Candida, nyuma ya marobota, alikumbuka. Kweli, zamani jioni za baraza zilikuwa za kimya. Alikuwa mtoto, alikuwa akilala usingizi palepale sakafuni, hakuna aliyemwamsha. Alizoea kudhani kelele zile ni desturi ya mtaa, kama adhana, kama kengele. Kumbe zilikuwa na siku yake ya kuanza.

"Na nguo?" Theophil aliuliza, sauti imepungua.

"Kanzu yangu ya Idi ina pindo la mtoto wa kike," Mwinshehe alisema. "Pindo zuri. Sijalalamika."

Theophil alicheka. Kilianza kama kicheko, kikaendelea mpaka akalazimika kutoa leso. Hakuna aliyemtazama. Onesphory alipokea kikombe cha kahawa, akakishika muda mrefu bila kunywa.

Asubuhi ya Jumatatu, Candida alitunga uzi kama kawaida. Mizigo ilikuwa imefungwa, yao na ya baba mkubwa, imewekwa mlangoni. Theophil alikuwa ameketi mbele ya cherehani iliyofunikwa, mkono juu yake. Mteja mmoja alikuja, mama mwenye kitenge, akasimama akaitazama mizigo ile bila kuelewa, akauliza kama fundi yupo. Theophil hakujibu. Candida alisubiri mtu mwingine ajibu, mpaka akagundua kwamba mtu huyo hayupo.

"Yupo, mama," alisema. "Baba atakupima. Kukata nakata mimi. Karibu."

Alisema maneno yote, mpaka la mwisho. Kisha alivuta kigoda chake kutoka nyuma ya marobota, akakiweka pembeni ya cherehani, kwenye mwanga. Theophil alisimama, akaufuta mkono kwenye koti, akampima mama yule mabega kwa viganja, na Candida akaandika vipimo kwa chaki juu ya ubao wa meza, mbele ya kila mtu.

Onesphory aliyaona hayo yote akiwa kwenye ngazi. Mama yule alipoondoka, yeye alikuwa bado amekaa.

"Basi linaondoka, kaka," Theophil alisema.

"Litaondoka." Onesphory alikuna kidevu. "Kesho kuna jingine. Nitaondoka nalo mimi na mkoba wangu. Mama nitamwambia nilikuta una watu. Lakini barabara ya Msimbazi usivuke peke yako, hilo naliapia."

"Sitavuka."

"Candida, ifungue mizigo." Halafu akaangalia huku na huku kama mtu anayetaka kuiba. "Na hilo libao lenu, lilete."

Candida akalileta. Theophil alizipanga kete kwa vidole, zake na za kaka yake, na kwa upande wake akaanza kufunga duka, ubao wa kwanza. Onesphory alizitazama kete zake kwa muda mrefu, akachukua moja kati ya zote, akaiweka mbele.

"Nimemtoa huyu mwenye masikio," alisema.

"Farasi, kaka. Umemweka wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

Onesphory aliutazama ubao, akamtazama mdogo wake, akasafisha koo. Kisha, kwa sauti ya mtu anayemwita jirani ng'ambo ya bonde, mpaka wachuuzi wa nazi wakageuka, alianza kueleza.